Sentensi Ambayo Mama Nani Alikataa Kuifuta

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika kiwanda chetu cha sabuni, karani wa taarifa, ambaye karibu sote tunamfahamu kwa jina la Mama Nani, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Ofisi ya utumishi iliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha na nisiguse mambo ya zamani. Kuchangamsha nitachangamsha. Hilo la pili wanisamehe.

Aliingia hapa kama mpiga chapa akiwa na miaka ishirini na sita. Alipewa chumba kidogo kati ya boila na choo cha wanaume, ambamo mashine ya chapa ilitetemeka yenyewe kila boila lilipowashwa. Shule aliishia kidato cha pili. Sarufi, asema mwenyewe, alijifunza kwa kusahihisha barua za wakubwa, na hakuwahi kukosa mazoezi.

Jina lake lilitokana na kalamu nyekundu. Taarifa yoyote iliyofika mezani kwake bila kumtaja mtenda ilirudi na neno moja pembeni: Nani? Siku moja dereva mgeni alimwambia mlinzi wa getini kwamba ametumwa kwa karani wa taarifa. Mlinzi akamwambia basi amwone Mama Nani. Dereva akasema ndicho anachouliza yeye, mama nani? Mlinzi akasema ndiye huyo huyo. Walizungushana hivyo mpaka foleni ya malori ikafika barabarani.

Sasa nifike kwenye jambo nililoombwa nilipite kimya kimya. Katika mwaka wake wa kumi na saba kazini, koki ya tangi la tatu ilifyatuka na sabuni ya moto ikammwagikia mchanganyaji wa zamu kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. Mchanganyaji huyo nilikuwa mimi. Nikiwa bado nimelazwa hospitali, meneja wa uzalishaji wa wakati ule alimpelekea Mama Nani rasimu ya taarifa ya mstari mmoja: ajali ilitokea kwa uzembe na mkono ukaungua. Alitaka ipigwe chapa na mhuri siku hiyo hiyo, kwa sababu barua yangu ya kufukuzwa kazi ilikuwa inaisubiri.

Mama Nani aliisoma mara mbili. Akauliza uzembe ni wa nani na mkono ni wa nani. Kisha akafungua kabati, akatoa maombi manne ya matengenezo yaliyosainiwa na fundi wa zamu, akaketi na kupiga chapa sentensi yake: "Koki ya tangi la tatu, ambayo fundi wa zamu aliomba ibadilishwe mara nne katika miezi miwili, ilifyatuka Jumanne saa nne asubuhi na kumuunguza mchanganyaji aliyekuwa akipima joto mahali alipoelekezwa kusimama."

Meneja alisema imekuwa ndefu mno. Akapendekeza maneno mawili tu: mchanganyaji aliungua.

"Ina kiima, ina kiarifu, nakubali," Mama Nani alimjibu. "Lakini ukiiacha uchi hivyo, mzee, inasema kijana wa watu alijiunguza. Hiyo siipigi mhuri."

Meneja akamkumbusha kwamba ana watoto watatu shuleni. Akajibu kwamba ni kweli anao, na wote wanajua kusoma. Akaigonga mhuri sentensi yake, akaiweka kwenye jalada, akafunga kabati.

Jumatatu iliyofuata alihamishiwa bohari ya maboksi. Taarifa ya meneja ilipigwa chapa na mtu mwingine, ikawekwa juu ya ile ya Mama Nani, nami nikapokea barua yangu nikiwa na bendeji. Miaka mingi baadaye alinisimulia kwamba wiki ile ya kwanza alikuwa akijificha nyuma ya marundo ya maboksi, analia, ananawa uso, anarudi kuhesabu. Mumewe, ambaye ni seremala, alimuuliza kwa upole kama hawezi kulegeza uzi kidogo tu. Yeye akamwomba amtengenezee ubao.

Ubao ule ukaja bohari, na kila Jumatano saa ya chakula darasa likafunguliwa. Alianza na watu wanne. Akaandika: Koki ilivuja. Akaeleza kwamba koki ndiyo kiima, ilivuja ndiyo kiarifu, na kwamba hapo sentensi imesimama lakini bado dhaifu, mtu yeyote anaweza kuisukuma ikaanguka. Halafu akawauliza. Koki ipi? Ilivuja lini? Nani aliiona? Alimwambia nani? Kila jibu likaingia mahali pake, mpaka sentensi ikawa na miguu. Kauli za "imeonekana" na "imeamuliwa" alizipiga vita waziwazi. Alisema watu wakubwa hujibanza humo kama paka chini ya meza.

Wala hakupenda kila pambo. Mpakiaji mmoja aliandika ombi la ruhusa la kumuuguza mama mkwe, akaeleza hadi rangi ya blanketi la mgonjwa. Mama Nani alimfutia nusu ukurasa, akamwambia blanketi limebaki nyumbani, ruhusa ndiyo inayoombwa.

Miezi minane baadaye alikuja mkaguzi wa usalama kazini. Alikuta taarifa mbili ndani ya jalada moja, zinazopingana, akaagiza kila mwenye kujua lolote aandike. Nadhani uongozi ulitegemea mistari miwili mitatu ya woga. Aliletewa maelezo ya watu kumi na tisa, wengine walioishia darasa la nne, na kila moja lilisema nani alifanya nini, wapi, saa ngapi na mbele ya nani. Mkaguzi aliuliza ni wakili gani amewaandikia. Walimwonyesha bohari.

Koki za matangi yote zilibadilishwa. Mimi nilirudishwa kazini. Meneja aliondoka kabla ya mwaka kwisha, na Mama Nani akarudi kwenye chumba chake karibu na boila akiwa na ubao wake kwapani. Fomu ya ajali tunayoitumia leo aliiandika yeye, na tangu ilipoanza kutumika hakuna mchanganyaji mwingine aliyeungua.

Wengi mlidhani kwamba mwezi huu wa mwisho angejipumzikia. Barua yake ya kustaafu ilipokuja, aya ya mwisho ilisema nafasi ya karani wa taarifa haitajazwa. Alikataa kuisaini. Siku nne barua ilikwenda na kurudi, na siku nne aliwajibu kwamba yeye anaondoka lakini kazi haiondoki. Siku ya tano ilikuja nyingine: mkurugenzi amemteua mfungashaji wa zamu ya pili, mwanafunzi wa Jumatano kwa miaka tisa, kuwa karani wa taarifa kuanzia tarehe mosi. Hiyo akaisaini bila hata kuketi.

Mama yetu, zamu zote tatu zinakushukuru. Mimi nakushukuru kwa mshahara niliolelea wanangu, kwa jina langu lililosafishwa, na kwa kunifundisha kuandika ukurasa huu bila kuomba ruhusa. Nenda ukalale mpaka jua lipande, uwafundishe wajukuu ubishi wenye adabu, na Mungu akupe afya na siku nyingi za raha. Huku usituwazie. Karani mpya ameanza kukaa mezani wiki hii ili akabidhiwe, na leo asubuhi amemrudishia mkurugenzi taarifa mbili.