Christabel Jepchirchir Jubek, Mtafuta Wasemaji

Jina la mwisho ambalo Christabel Jepchirchir Jubek aliliweka kwenye bango lilichapwa Jumatatu tarehe 6 Machi 2023, katika duka la uchapaji la mtaa wa Hai Jalaba, hapa Juba. Lilikuwa jina la wakili, kwa herufi nyekundu zenye kimo cha kiganja. Bango lilitundikwa siku hiyo hiyo kwenye lango la hoteli, siku tatu kabla ya mkutano. Tangu hapo hadi alipougua, marehemu aliandaa mikutano mia moja na kumi na miwili na hakuchapisha jina la msemaji hata mmoja. Jina la wakili huyo litatajwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Chepterit, karibu na Kapsabet, katika Nandi nchini Kenya. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Linus Kosgei, ambaye ametangulia, na Mama Jacinta, ambaye yuko nasi leo. Mama anasema mtoto huyu alizaliwa na kazi ya kuhesabu watu. Baba akiuliza jioni kama kuku wameingia, jibu lilikuwa, "Levi ameingia. Kuku sijui." Levi ni mdogo wake, na ndiye aliyeandika wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi Chepterit na sekondari Kapsabet, kuanzia 1994 hadi 1997. Mwaka 2001 alihitimu stashahada ya usimamizi wa hoteli mjini Eldoret. Alifanya kazi Nakuru miaka sita, kisha Juni 2008 akaja Juba kusimamia kumbi za mikutano katika hoteli iliyokuwa imefunguliwa karibuni. Alipanga kukaa mwaka mmoja.

Kazi iliyompa jina ilianza kwa bahati. Mwaka 2011 msemaji wa warsha moja hakutokea, na watu themanini walikuwa wamekaa wakitazama kiti kitupu. Christabel alitoka hadi bustanini, ambako jaji mmoja mstaafu alikuwa akinywa chai, akamwuliza kama angeweza kusema lolote kuhusu katiba. Jaji alisema kwa saa mbili na nusu. Tangu siku hiyo walikuwa na mapatano: msemaji akitimiza dakika arobaini, Christabel angemwekea chupa ya maji mezani kama ishara ya kumaliza. Mkutano uliofuata jaji alikunywa chupa tano na kuendelea. "Jaji, hayo maji yalikuwa na maana," alimwambia nje. "Ndiyo, binti yangu," akajibu, "na yalinisaidia sana."

Januari 2012 alifungua ofisi ya chumba kimoja Hai Jalaba, kati ya muuza unga na muuza matairi. Mteja alileta mada na tarehe. Marehemu alileta mtu. Wateja wake walikuwa mashirika, makanisa, vyama vya wafanyabiashara na vikundi vya wanawake. Waliomtegemea walikuwa mawakili, wahadhiri wa siasa na majaji wastaafu. Aliwagawa wataalamu mafungu mawili, wanaojua na wanaoongea, na alikuwa tayari kumwambia mteja usoni kwamba mtu anayemtaka ni wa fungu la pili.

Mumewe, Cirillo Jubek, alimpata ukumbini. Cirillo alizaliwa Rejaf, karibu na Juba, akakulia ukimbizini Adjumani nchini Uganda, na alikuja hotelini mwaka 2009 kutengeneza jenereta. Kiswahili chake alikitoa kwa madereva wa malori. Alifuta mikono, akauliza, "Wewe iko na bwana?" Christabel akajibu kwamba hana. "Basi mimi iko," akasema Cirillo. Marehemu alisimulia kwamba sentensi hiyo ilikuwa na kosa moja tu, na alilisamehe. Walifunga ndoa kanisani Atlabara Jumamosi tarehe 11 Desemba 2010. Mungu aliwajalia Janet mwaka 2011 na Phineas mwaka 2014.

Mapigano yalipozuka Desemba 2013, wasemaji wake wawili walikaa siku nne bila kujulikana waliko. Walionekana wakiwa salama. Mwaka uliofuata marehemu alinunua daftari lenye jalada gumu. Kila mkutano ulikuwa na mstari wake: tarehe, mada, msemaji. Mkutano ukiisha, alisubiri simu kutoka nyumbani kwa msemaji, na simu ikija aliandika neno moja mwishoni mwa mstari: "Amefika." Hakula kabla ya kuliandika. Watoto wake walijifunza kutomwuliza chochote mpaka kalamu itulie.

Mkutano wa Machi 2023 uliandaliwa kwa ajili ya vijana wa makanisa. Mada ilikuwa "Mwananchi Akikamatwa: Sheria Inasema Nini". Kibali kilikuwapo, na jina la msemaji lilikuwa ndani ya kibali. Lakini desturi ya waandaaji wa Juba ilikuwa kutundika bango asubuhi ya mkutano wenyewe, si kabla, ili jina lisimtangulie mwenyewe. Christabel aliijua desturi hiyo kuliko yeyote. Bango lilikuwa limetoka zuri, lango la hoteli lilikuwa tupu, na vijana walikuwa wakiuliza kila siku kama mkutano upo. Alilitundika Jumatatu.

Jumatano tarehe 8, saa moja asubuhi, watu wawili wasiojitambulisha walifika nyumbani kwa wakili, Hai Mauna. Walimwambia mkewe wanamhitaji mumewe kwa mazungumzo mafupi. Wakili alivaa koti, akafuatana nao. Hakuna ofisi iliyosema iko naye, na wasifu huu hausemi zaidi ya kinachojulikana.

Alhamisi vijana walikuja. Christabel alipanda jukwaani, akasoma mada mara moja kwa sauti, akaomba watu watoke kwa mlango wa jikoni, wawili wawili. Kisha alilishusha bango kwa mikono yake. Cirillo alimwambia alichome. Hakulichoma. Alilikunja na kuliweka chini ya kitanda chao, na Cirillo anasema kwa miaka miwili hakuweza kuinama kutafuta viatu bila kuliona.

Wakili alirudi nyumbani tarehe 18 Aprili 2023, baada ya siku arobaini na moja. Mkewe alipiga simu, akasema neno lile lile: "Amefika." Marehemu alifungua daftari, akashika kalamu, akalifunga tena. "Sikumfikisha mimi," alimwambia Cirillo. Mstari wa tarehe 9 Machi 2023 ulibaki bila neno la mwisho. Wakili naye alifunga ofisi yake. Aliandika mikataba ya viwanja nyumbani, na hakusema tena mbele ya watu, hata matangazo kanisani.

Hofu iliyobaki marehemu aliifanya utaratibu. Ratiba zake ziliandika "Msemaji", kisha nukta. Kadi ya jina iliwekwa mezani imelala kifudifudi, ikainuliwa msemaji akishakaa. Yeye mwenyewe alikaa safu ya mwisho karibu na mlango, amepakata mkoba wa msemaji. Bi. Namutebi, afisa wa shirika moja, alikuja siku moja na masharti ya wakubwa wake.

"Dada Christabel, wanataka jina na picha ya msemaji wiki mbili mbele."

"Waambie ana sura nzuri."

"Na jina?"

"Jina ni lake. Siku ya mkutano atakuja nalo."

Bi. Namutebi alicheka. Mwezi uliofuata alimwomba amfundishe kupanga kadi kifudifudi.

Dereva wake, Marvin, ambaye naye alikulia Uganda, alikuwa macho yake ya nje. Oktoba 2023, katikati ya mhadhara, alimpigia simu. "Mama, mimi iko hapa nje. Ile gari nyeupe ya asubuhi pia iko."

"Ina namba?"

"Namba haiko."

Mhadhiri aliyekuwa jukwaani alivishwa koti la mhudumu, akapitishwa jikoni na kutolewa nyuma, akiwa amebeba sinia. Baadaye ilijulikana kwamba gari lilikuwa la bwana harusi na lilisubiri kupambwa maua. Wahudumu walicheka mpaka wakakaa chini. Marehemu hakucheka. Alisema, "Leo ni la harusi."

Mwaka 2024 kikundi cha wajane kilihitaji mtu wa kuwaeleza haki zao katika ardhi ya waume zao. Mwenyekiti wao, Mama Charity, alikuja ofisini mara tatu. Mtu aliyeijua sheria hiyo vizuri alikuwa mmoja, na Christabel alikwenda hadi lango lake, Hai Mauna. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana naye tangu bango. Wakili hakufungua lango lote.

"Mama Janet, hao wajane waje hapa mmoja mmoja. Nitawaeleza."

"Wako mia na ishirini, Wakili."

"Basi nitaeleza mara mia na ishirini. Jukwaani, kalas. Imeisha."

Na alifanya hivyo. Kwa miezi mitatu wajane walikwenda kwake wawili kwa siku, kila mmoja na makaratasi yake ndani ya mfuko wa plastiki. Marehemu hakuwaandika katika daftari, maana hawakuwa mkutano. Lakini kila jioni alimwuliza Mama Charity kama wote wawili wamerudi.

Ugonjwa ulianza Februari 2025 kwa maumivu ya kichwa, kisha akazimia ukumbini. Madaktari walikuta presha ya muda mrefu iliyokwisha kuharibu figo. Daktari aliuliza kama kuna jambo linalomtia wasiwasi. Alijibu, "Ni kazi tu." Alisafishwa damu Nairobi kuanzia Aprili hadi Julai, akaomba kurudi. Familia ya Nandi ilimsihi abaki. Alisema kama ni kuhesabiwa, anataka kuhesabiwa mahali watoto wake wanapolala. Tarehe 2 Septemba alilazwa hapa Juba.

Jumapili tarehe 21 Septemba wakili alikuja wodini pamoja na mkewe. Levi alikuwapo, na maneno haya aliyaandika siku hiyo hiyo.

"Mama Janet," wakili alisema, "nimekuja na jambo ambalo ningelileta zamani. Lile bango mimi nililiona. Jumanne nilipita chini yake kwa miguu. Nikarudi, nikapita tena. Jina langu lilikuwa zuri pale juu. Ningeweza kukuambia ulishushe. Nilifurahi."

Marehemu alisema, "Usinifariji, Wakili."

"Sikufariji. Nakuambia tulikosea wawili."

"Basi sema tena."

"Niseme wapi?"

"Kwangu. Siku ya kunizika."

"Nikisema kwako wewe hutasikia."

"Ndiyo vizuri. Hutaletewa maji."

Mkewe wakili alicheka kwanza, kisha akaanza kulia. Wakili aliinuka. Alisema tu kwamba mvua inakuja na boda hazitapatikana. Walipoondoka, marehemu alimtuma Janet kushika simu. Baada ya nusu saa mkewe wakili alipiga kusema wamefika. Marehemu aliitikia kwa kichwa, akafumba macho. Daftari halikuwa karibu, na hakuliitisha.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Cirillo na Janet wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Ameacha mume, Cirillo Jubek. Watoto, Janet na Phineas. Mama mzazi, Mama Jacinta Kosgei. Mama mkwe, Mama Victoria. Na mdogo wake, Levi. Ameacha pia wasemaji wake, ambao wamo humu kanisani na hawataombwa kusimama.

Familia inapaswa kueleza kuhusu ratiba mliyoshika. Ilipotoa taarifa ya maziko haya kwa wanaotoa vibali, iliulizwa ni nani watakaosema. Iliandika, "Ndugu na marafiki." Mwenye duka la uchapaji alitaka kazi hii Alhamisi. Amepewa leo Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, na Marvin alisimama mlangoni mwa duka mpaka nakala ya mwisho ikatoka. Kwenye jalada, mahali pa msemaji, mtaona nukta. Hazikuwekwa kwa kusahau. Mpaka jana jioni familia haikujua kama wakili atasema, na Cirillo alikuwa amesema kwamba hatamlaumu mtu kwa kutaka kubaki na watoto wake. Saa mbili usiku mkewe wakili alimletea Janet karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa na maneno manne: "Andikeni jina langu lote." Jalada lilikwisha kupangwa. Ukurasa huu ulikuwa bado.

Mungu ampe Christabel usingizi ambao kazi yake haikumpa. Hesabu ya watu tumeipokea.

Anayefuata kusema ni Wakili Majur Bior. Baada ya maziko Marvin atampeleka nyumbani, kwa njia ambayo haikuandikwa hapa, na Janet atakaa na simu. Daftari liko kwake. Amelifungua kwenye mstari wa tarehe 9 Machi 2023.