Mama Makochi na Mkalia Ini Wake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Makochi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, kifungua mimba wa fundi seremala. Shule alisoma mpaka darasa la nne.

Akaingia karakana ya baba yake, akajifunza kuwamba makochi. Misumari midogo aliibana mdomoni, akaitoa mmoja mmoja, nyundo ikifuata. Kazi hiyo hakuiacha mpaka alipougua.

Mumewe alimjua pale, alipopeleka stuli. Ikishatengenezwa, akawa anairudisha kila wiki, ingali nzima.

"Stuli haina kosa," marehemu akasema. "Mwenye stuli ndiye simwelewi."

Walioana tarehe 17 Agosti 1974. Nyumbani alimwita mumewe "mkalia ini". Jina hilo hakumpa mwingine. Lakini karakana ilipakana na kinyozi, na kinyozi alijua kuchekesha. Kinyozi akiingia, marehemu aliitema misumari, acheke vizuri. Mumewe akiingia aliitikiwa "mm", misumari ikiwa mdomoni. Mumewe hakulipenda jambo hilo, na hata sasa halipendi.

Novemba iliyopita alishikwa na homa, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hospitali wakaona jipu kwenye ini. Wakadhani ni amiba; dawa zake hazikufua dafu. Ndipo wakavuta usaha, wakaupima. Daktari kijana akaja akaketi kitandani kwa marehemu, kana kwamba viti vimekwisha.

"Mama, tumempata. Ni bakteria wa mdomoni. Hukaa kwenye fizi, hana neno na mtu. Kumkuta kwenye ini ni nadra."

"Amekaa naye tangu lini?" mumewe akauliza.

"Pengine tangu ujana, mzee."

"Alimpata kwa nani?"

Daktari akatabasamu. "Bakteria wa mdomoni, mke na mume hupeana."

Marehemu alikuwa hoi, lakini alicheka, na mdomoni hamkuwa na msumari.

"Umesikia? Acha wivu wako. Huyo ni wa kwako. Nani mwingine angekalia ini langu?"

Kinyozi alikuwepo, amekuja kumjulia hali. Alisikia.

Usaha ulirudi, sumu ikaingia kwenye damu. Alifariki tarehe 2 Februari, alfajiri, mkono wake ukiwa kwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, na wajukuu. Kinyozi naye amefika, ameketi nyuma. Kiti kile alikiwamba marehemu. Akikalie tu. Kwenye ini alikaa mumewe.

Apumzike salama, mke wangu.