Muuguzi Aliyeyatilia Shaka Majibu Kumi na Moja

Tarehe 30 Juni, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya watoto anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwahudumia watoto wachanga waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya UKIMWI. Sisi tunamwita Mama Hebu Nione, maana hajawahi kuamini asichokiona kwa macho yake.

Tuseme ukweli: kufanya naye kazi hakukuwa lelemama. Alinusa kila chupa, akampima upya mtoto aliyekwisha kupimwa. Akina mama nao hawakusalimika. Mmoja aliapa kwamba mwanawe anakunywa dawa kila siku. Mama Hebu Nione akaigeuzageuza chupa.

"Mwanangu, chupa ya dawa ya mtoto lazima inate kwa dawa inayochuruzika. Yako inang'aa kama ya dukani. Nani nyumbani hajui?"

Binti akaangua kilio. Mama mkwe wake hakujua habari za virusi, na ndiye aliyeshinda na mtoto, hivyo dawa haikutolewa. Kwa ridhaa ya binti, Mama Hebu Nione alivua sare, akamsindikiza nyumbani, wakaketi na bibi yule mpaka wakaelewana. Mwezi uliofuata bibi mwenyewe ndiye aliyemleta mjukuu, na chupa ilinata hadi kifunikoni.

Lakini kisa kikubwa kinanihusu mimi, mtaalamu wa maabara. Katika mwaka wangu wa pili hapa, watoto kumi na mmoja mfululizo walirudishiwa majibu kwamba hawana virusi. Tulishangilia. Mama akaja na kadi ya mmoja wao, msichana wa miezi mitatu: uzito umesimama, kinywani utando mweupe.

"Mdogo wangu, majibu haya siyaamini."

"Kwa hiyo huniamini mimi?"

"Hebu nione unavyofanya."

Nilichukia. Nilidhani ananichimba, anatafuta wa kumtupia lawama. Siku tatu alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, nikidondosha damu za visigino vya watoto kwenye karatasi maalumu za kupimia, nikizikausha na kuzifunga kwenye bahasha za kwenda maabara kuu. Siku ya tatu akaokota kipakiti cha punje za kunyonya unyevu. Zilipaswa kuwa za buluu. Zilikuwa za waridi. Zimekufa, hazinyonyi tena. Damu ilikuwa ikiharibika njiani. Rangi ile nilikuwa nimeiona, sikuuliza.

Wote kumi na mmoja waliitwa upya. Tisa walikuwa salama. Wawili walikuwa na virusi, yule msichana mmojawapo, na dawa wakaanzishiwa siku ileile. Mwenzake, wa kiume, tulimpoteza kabla ya wiki ya sita ya dawa.

Nilingoja Mama aninyooshee kidole. Katika taarifa ya kosa lile aliandika cheo changu, na juu yake chake, kwa kuwa yeye ndiye aliyepokea vipakiti vile stoo. Kisha akanipeleka kwa mama wa marehemu. Nilitaka kubaki garini.

"Shuka," akasema. "Mama wa watu ana haki ya kutuuliza."

Nikashuka. Alituuliza. Tulimjibu yote.

Yule msichana sasa yuko darasa la saba, virusi vyake vimetulia, na ni mbishi kupindukia.

Mama, kliniki nzima inakushukuru. Mimi nakushukuru kwa kunishuku mapema kuliko nilivyojishuku mwenyewe. Ustaafu wako uwe wa afya na usingizi mnono. Na ukipita njia hii, ingia maabara bila kubisha hodi.