Ndugu Ambakisye Mwasomola na Matuta ya Mama Cornelia

Kosa tunalolifanya wengi, ndani na nje ya mahakama, ni kudhani kwamba mtu akishasema "ndiyo, ni mimi niliyefanya," kesi imekwisha. Haijaisha. Amekubali kitendo tu. Kosa la jinai kwa kawaida ni kitendo pamoja na nia mbaya iliyokiongoza, na juu ya nia hiyo mara nyingi hakuna aliyemwuliza. Ndugu Ambakisye Mwasomola, Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, ametumia sehemu kubwa ya miaka yake ishirini na minne ya utumishi kutuzuia tusiwe na haraka hiyo. Siku ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 1978, anastaafu.

Alizaliwa Rungwe na kuanza kazi mwaka 1954 akiwa karani wa baraza. Baada ya Uhuru alipelekwa kwenye mafunzo ya uhakimu, na mwaka 1964 akaletwa huku Ufipa pamoja na mkewe, Mama Elizabeth, na machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwenye gunia. Aliyapanda nyuma ya mahakama. Upepo wa Juni uliyakausha yote. Mwaka uliofuata akapanda tena, yakakauka tena. Mzee Adolfu, mshauri wa mahakama ambaye ameketi naye tangu mwanzo, alimwambia mbele ya watu: "Hakimu, migomba yako imekata rufaa mara mbili, na baridi imeshinda mara mbili. Panda ulezi, ndugu yangu." Hakimu alicheka hadi akavua miwani. Msimu uleule akapanda ulezi.

Kwa kuwa mahakama haikuwa na gari, alikwenda Matai kusikiliza kesi akiwa juu ya lori la mahindi. Safari moja abiria aliyeketi naye kwenye magunia alianza kumsimulia jinsi jirani yake alivyomwonea kuhusu mbuzi. Hakimu akatambua kwamba huyo ndiye mlalamikaji wa kesi ya asubuhi inayofuata. Akamwomba radhi, akahamia upande wa pili wa magunia, na yule bwana alipomfuata huko akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti hadi Matai. Dereva alidhani hakimu amelewa. Ukweli ni kwamba hakutaka kusikia upande mmoja wakati upande wa pili haupo.

Msingi mwingine aliousimamia ni kwamba hakuna kosa pasipo sheria inayolitaja. Katika miaka ya kuhamia vijijini, viongozi wengine walikuwa na bidii kuliko maarifa. Aliwahi kuletewa kijana aliyeshtakiwa kwa kutopiga makofi mkutanoni. "Kifungu gani?" akauliza. Aliyemleta akajibu kwamba kifungu hakijui, ila kitendo kile kiliudhi sana. Hakimu akamwambia, kwa upole, kwamba kuudhi ni jambo moja na jinai ni jambo jingine, kisha akamwachia kijana aende zake.

Tangu mwaka 1972, kila likizo ndefu, tumekuwa tukiwapokea wanafunzi wa sheria kutoka chuo kikuu. Jumamosi asubuhi Ndugu Ambakisye huwaketisha barazani pa mahakama na kuwafundisha kwa mambo wanayoyaona. Mtu aliyewaza kuiba mbuzi wa jirani, akalala, akaamka akaenda shambani kwake, hana kosa, kwa sababu mawazo peke yake hayafungwi jela. Mtu aliyetoka kwenye pombe akabeba jembe la mwenzake akidhani ni lake, ametenda lakini hakukusudia kuiba. Na mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeshtaki. Mshtakiwa hadaiwi ushahidi kwamba ni mwema. Ikibaki shaka ya maana, shaka hiyo ni mali ya mshtakiwa.

Wanafunzi waliyaandika hayo vizuri. Ila waliyaelewa, na sisi pamoja nao, siku ya Mama Cornelia.

Ilikuwa Desemba 1975. Wasomaji wa mikoa mingine wajue kwamba mkulima wa Ufipa, mvua zinapokaribia kwisha, hukata nyasi, huzifukia kwa udongo na kufanya matuta makubwa ya mviringo. Nyasi huoza humo. Mvua mpya zikianza huyatawanya na kupanda ulezi. Kwa hiyo tuta ni jasho la mwaka mzima, na kwa desturi aliyelifanya ndiye anayelitawanya.

Mama Cornelia, mjane mwenye watoto wanne, wa kijiji kimoja cha upande wa Mollo, alifanya matuta yake mwezi Machi. Agosti kamati ya kijiji ikasogeza mpaka, na matuta yale yakaingia katika shamba la ujamaa. Siku ya mkutano wa kutangaza mpaka huo yeye alikuwa mbali, akimuuguza dada yake. Vigingi vilivyowekwa viliangushwa na ng'ombe. Novemba akayatawanya matuta na kupanda. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Modesti, akamshtaki kwa kuharibu mali ya kijiji kwa makusudi. Kama angefungwa wakati ule wa kupanda, watoto wangekosa palizi, wangekosa mavuno, na wangekaa na njaa hadi mwaka wa pili.

Ndugu Ambakisye alimsomea shtaka na kumwuliza kama ni kweli aliyatawanya matuta yale.

"Kweli, baba. Yote. Na ulezi umeshaota."

Chumba kizima kilicheka. Ndugu Andwele, mwanafunzi aliyekuwa nasi, alikwisha kuandika kwamba amekiri. Kalamu ya hakimu nayo ilikuwa imegusa karatasi. Ndipo mama yule akaongeza, akiwatazama watu kwa mshangao: "Sasa mnacheka nini? Mtu akilima kwake anaitwa mahakamani?"

Hakimu akaweka kalamu chini. Akaandika kwamba amekana kosa, akaamuru ushahidi usikilizwe. Ndugu Modesti akaeleza habari za mpaka, na alizieleza kwa haki. Kisha Mama Bertilla, mshauri wa pili, akaomba kuuliza.

"Mwenyekiti, alitawanya usiku?"

"Mchana."

"Peke yake?"

"Na watu. Alipika pombe, akaita watu wa kumsaidia."

"Na mama watoto wako alikuwamo?"

Ndugu Modesti akatazama dari. "Alikuwamo."

"Alirudi nyumbani vipi?"

"Akiimba."

Safari hii hata askari wa mlangoni alicheka. Mwenyekiti mwenyewe akatabasamu, lakini hakulegeza. Alisema mama huyu akiachiwa, kesho kila mtu atajikatia kipande cha shamba la kijiji, na watu watauliza hakimu yuko upande gani. Maneno hayo hayakuwa mepesi mwaka ule. Tuliokuwepo tuliinamisha vichwa.

Ndugu Ambakisye alishauriana na wazee wake wawili, akarudi, akatoa hukumu kwa Kiswahili ambacho bibi yeyote wa nyuma ya chumba angekielewa. Shamba ni la kijiji, alisema, na hukumu hii hailipunguzi hata hatua moja. Mahakama haikuulizwa shamba ni la nani. Imeulizwa kama mwanamke huyu ni mhalifu. Anayekusudia kuharibu mali ya wenzake hapiki pombe siku tatu na kuwaalika wenye mali waje kumsaidia kuiharibu. Aliamini kwa moyo safi kwamba anatawanya matuta yake, na kama mambo yangekuwa kama alivyoamini, asingekuwa na kosa lolote. Hana hatia. Aende akapalilie.

Ndugu Modesti alimngoja Mama Cornelia nje. Tulidhani atamsema. Akamwambia: "Palilia, uvune. Mwakani nitakuonyesha mpaka mimi mwenyewe, na vigingi nitavipigilia mimi." Mama Cornelia akapiga magoti kidogo, akasema asante baba, akaondoka mbio kwa kuwa wingu lilikuwa limejaa.

Asidhani mtu kwamba hakimu wetu ni laini. Msimu huohuo aliletewa Alfonsi, aliyetawanya matuta ya jirani yake kabla hakujakucha, baada ya kung'oa vigingi na kuvitupa mtoni. Alfonsi alijitetea kwamba hakujua kama sheria inakataza. Alifungwa. Ndugu Ambakisye aliwaeleza wanafunzi tofauti ya kesi hizo mbili Jumamosi iliyofuata: Mama Cornelia alikosea kuhusu jambo lenyewe, yaani mpaka uko wapi; Alfonsi alijua jambo lenyewe vizuri kabisa, akataka asamehewe kwa kutoijua sheria. Kosa la kwanza laweza kumwokoa mtu. La pili halimwokoi. Andwele, ambaye leo ni wakili wa serikali, ametuandikia kwamba mfano huo bado anautumia.

Ndugu Ambakisye haondoki Ufipa. Amejenga Mollo, na majirani zake wameshamtaka awe katibu wa kanisa, jambo ambalo analiahirisha kama anavyoahirisha kesi isiyo na shahidi. Kwa niaba ya makarani, washauri, askari wa mahakama na wanafunzi wote waliopita barazani petu, tunakushukuru, Ndugu Hakimu, kwa uvumilivu wako kwetu. Wewe na Mama Elizabeth tunawaombea afya njema, mvua za kutosha, na wajukuu wa kuwasumbua kwa kiasi.

Nasi tunaobaki, kila mmoja ajiambie: leo, kabla ya kufunga ofisi, shuka mahabusu, mketishe mtu mmoja, umsikilize mpaka amalize.