Nanga Kashindwa na Kikombe

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, limebanwa kati ya saluni ya Msusi na meza ya kioo ya fundi saa, ambaye tunamwita Sekunde kwa jinsi maneno yanavyomtoka mbio. Alasiri kazi ikipungua, buli la kahawa hukaa kwenye jiko langu la mkaa, na mabishano huchemka kabla yake. Alhamisi hiyo tulikuwa wanne: mimi, Msusi, Sekunde na Winchi. Huyu wa mwisho aliendesha winchi miaka kumi na moja, ile mitambo mirefu ya kupandishia matofali na nondo kwenye maghorofa. Miezi minane iliyopita waya ulikatika, shehena ya matofali ikaporomoka kutoka ghorofa ya sita. Hakuna aliyeguswa. Lakini tangu siku hiyo Winchi hakupanda tena. Saiti walimweka stoo, akawa anagawa misumari na glavu, na akitoka saa tisa anakuja kwetu kukaa kimya. Kitu pekee kilichomfanya acheke ni Nanga. Nanga ni mwanamke wa kwenye katuni inayotoka kila Ijumaa, tunaitazama sote kwenye simu ya Msusi maana ndiyo pekee yenye kioo kizima. Akinyoosha mkono, kizito kinakuwa chepesi, chepesi kinakuwa kizito. Kipindi kilichopita aliliinua paa la soko lililowaangukia watu, akalishikilia mpaka mtu wa mwisho akatoka. Kisha akaenda kwake, akataka kunywa maji, na kikombe kikamshinda kuinua. Kipindi kikaishia hapo hapo. Basi wiki nzima tulikuwa na kazi moja tu.

— Ni springi hiyo, alianza Sekunde, hata kabla sijamimina. Ndani ya mwili wake mna springi kama ya saa ya kujaza. Akitembea inajikaza, akinyoosha mkono inaachia. Kikombe kimemshinda kwa kuwa springi imelegea.

— Kwa hiyo nani amjaze? aliuliza Msusi.

— Atembee! Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba ni cha nafaka, wewe. Hakina springi.

— Kipo cha kila kitu.

Msusi akavuta kigoda chake karibu. Kitana kilikuwa bado kimechomekwa kichwani mwake.

— Nyinyi wanaume mnatazama mikono. Mimi natazama nywele. Vipindi kumi na vinne nimehesabu: akisukwa vizuri, mambo yanapanda. Siku ile ya paa, msuko mmoja ulifumuka hapa, nyuma ya sikio. Mliuona?

Hatukuuona.

— Ndiyo shida yenu. Kila msuko una kazi yake. Huu wa magari, huu wa nyumba, huu wa vyombo vya jikoni. Uliofumuka ni wa vyombo.

— Na akinyoa je? nikauliza.

— Akinyoa hakuna cha kumshika chini. Anapaa mwenyewe mpaka mwezini. Uliwahi kumwona kwa kinyozi?

— Sijawahi.

— Basi!

Sekunde alitaka kusema kitu, nikamwahi. Nilikuwa nimelitunza langu tangu Jumapili.

— Mnapanda juu bure. Tazameni chini. Tangu kipindi cha kwanza yule dada hajabadilisha viatu, na soli haijalika hata upande mmoja. Mtu anabeba paa la soko, kisigino kizima! Maana yake nini?

— Maana yake mchoraji ni mvivu, alisema Sekunde.

— Maana yake hainui chochote! Anaisukuma dunia ishuke. Paa linabaki pale pale, sisi ndio tunaokwenda chini.

— Sisi sote?

— Sote, na benchi hili, na jiko.

— Na wale wa upande wa pili wa dunia?

— Wao wanabebwa. Wanaamka asubuhi wanasema, ah, leo nimeamka mwepesi, hawajui ni Nanga. Lakini mimi nikisema hamsikii, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu hapa ni nani?

— Fundi viatu. Guu ni idara yangu.

Hapo Winchi akacheka, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia gotini. Tulifurahi kuliko tulivyoonyesha. Alipomaliza kujifuta, akasema kwa sauti ya chini:

— Wote mmekosea. Uzito haupotei.

Tukamgeukia. Winchi kutoa hoja benchini ilikuwa habari.

— Mkono wa winchi mbele unabeba matofali, alisema, nyuma una vitalu vya zege. Viondoe vile vitalu uone, mtambo wote unapinduka. Kitu kikiwa chepesi hapa, ujue kuna mahali pameongezeka. Sasa Nanga, vitalu vyake viko wapi? Hana. Kwa hiyo kitalu ni yeye mwenyewe. Lile paa kila mtu anadhani ameshalitua. Hajalitua. Amekwenda nalo nyumbani. Ndiyo maana kikombe kimemshinda.

Sekunde akauliza polepole, na huo peke yake ni muujiza:

— Sasa atalitua lini?

— Sijui. Labda watu waache kumpa mapaa. Labda wampe kazi ya kugawa misumari.

Msusi alinitazama, nami nikaangalia mkaa. Sote tulisikia ni nani hasa anayezungumziwa. Msusi si mtu wa kuacha kimya kikae, akalikamata jambo kwa upande wake:

— Basi wahenga walishasema! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nanga anabeba ya wenzie, na ya wenzie ni usufi mtupu, inapanda. Kikombe ni chake mwenyewe, ndiyo maana kizito. Imekwisha hiyo!

— Hiyo methali haina maana hiyo, alisema Sekunde.

— Ina maana gani?

— Kwamba mzigo wa mtu unauona mwepesi kwa sababu wewe hujaubeba.

— Ndicho nilichosema.

Ndipo akatokea mwanamume mmoja, vumbi la saruji limempanda mpaka kwenye kope. Mguu mmoja una kandambili, mkononi ameshika buti lililoachama mdomo kama samaki.

— Shikamooni. Fundi viatu ndiye nani?

— Marahaba. Ndiye mimi. Lete nilione.

Nikapokea buti. Lakini yeye alikuwa haniangalii tena. Alikuwa akimwangalia Winchi, na Winchi alikuwa amesimama.

— Kaka, alisema yule mtu. Nimeambiwa stoo kwamba utakuwa huku.

— Nilisikia ulihamia saiti nyingine.

— Nilihamia. Nimerudi wiki hii. Kisha akatugeukia sisi, kama mtu anayejua heshima ya kijiwe cha watu, akasema: Mimi ni fundi mwashi. Mimi ndiye niliyekoswa na yale matofali.

Msusi akamsogezea kigoda chake. Mimi nikammiminia kahawa ili mikono yangu ipate kazi. Hakuna aliyejua pa kuanzia, kwa hiyo tukaanza na tulichokijua: tukamweleza habari za Nanga, watatu kwa pamoja, springi, misuko, dunia kushuka, mpaka tukafika kwenye vitalu vya zege. Yule mwashi alisikiliza kwa makini, anapuliza kahawa yake. Tulipomaliza akauliza:

— Na chini anasimama nani?

— Chini ya nini? aliuliza Sekunde.

— Chini ya mzigo. Mtoa ishara. Mtu wa winchi huko juu haoni mzigo unapotua, si kweli, kaka? Wa chini ndiye macho yake. Anamwambia shusha, anamwambia simama. Sasa huyo dada yenu anaambiwa na nani?

Sekunde akatafuta kwenye springi yake. Mimi nikatafuta viatuni, sikuona kitu. Msusi akatoa simu, akarudisha kipindi cha paa, kisha cha daraja, kisha cha kisima. Tukainama sote juu ya kioo. Nanga peke yake. Nanga peke yake na mkono juu. Watu wanakimbia, wanalia, wanashangilia, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesimama akimtazama usoni.

— Hakuna, alisema Msusi taratibu. Vipindi kumi na vinne, hakuna.

Yule mwashi akaweka kikombe chini.

— Jumatatu wanasimamisha winchi mpya, kaka. Waya mpya, kila kitu kipya, nimeukagua kwa macho yangu. Nimewaambia chini nitasimama mimi. Ila wa kupanda awe wewe.

— Kwa nini mimi? aliuliza Winchi. Wewe ndiye wa mwisho kunitaka.

— Siku ile ulipiga honi.

— Nilipiga. Nilidhani hukuisikia. Kulikuwa na mashine ya zege inanguruma.

— Niliisikia. Nikarudi nyuma hatua moja kutazama juu, unataka nini. Hatua moja tu, kaka. Yale matofali yakaja pale nilipokuwa. Waya ulipoanza kulia wewe uliusikia, mwingine asingeusikia. Miezi minane nilikuwa nakutafutia maneno ya kushukuru, nikawa naona haya.

Winchi alikaa. Akaweka kiganja juu ya macho, mabega yakawa yanamwenda. Mwashi akahama kigodani, akakaa naye kwenye benchi, bega kwa bega. Sekunde akawa anaifuta saa ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Nikainua buli niwaongezee, likatoka tone moja na machicha.

— Imekwisha, nikasema.

— Si kitu, alisema Winchi, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Buti lake litakuwa tayari lini?

— Jumanne.

— Hapana. Jumamosi. Hawezi kunisimamia na kandambili.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulilibeba benchi tukalivusha barabara, maana upande ule ndio unaoonekana mkono wa winchi juu ya mabati ya uzio wa saiti. Ulikaa tuli muda mrefu. Msusi akaanza kuuma kucha. Kisha ukageuka, polepole kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto, na kifurushi cha matofali kikachomoza, kikapanda, kikapita ghorofa ya nne, ya tano. Aliyekuwa chini hatukumwona, mabati yalimziba, lakini kila mara kifurushi kiliposimama na kuendelea tulijua mkono wake umesema nini.

— Mbona taratibu hivi? alinong'ona Sekunde. Dakika sita sasa.

— Mwache, alisema Msusi. Ana mtu wa kumwambia.

Matofali yakatua ghorofa ya sita bila kishindo. Tukapiga makofi sisi watatu barabarani kama wehu, mpaka mlango wa saluni ukafunguliwa, na mteja mmoja akatoa kichwa, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, akauliza kama leo watu wanafanya kazi au hawafanyi.