Shangazi wa Chumba cha Kuoshea, na Barua Iliyokuwa Ukutani

Baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne katika kliniki yetu ya wanyama, Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Saa kumi jioni atatundika aproni yake ya buluu nyuma ya mlango wa chumba cha kuoshea, na kuanzia Jumatatu sisi tuliobaki tutajijua wenyewe.

Si shangazi wa damu wa yeyote kati yetu. Alikuwa na mazoea ya kumuuliza kila anayeingia kama amekula, hata mleta barua, na jina likamganda. Mimi ni daktari wa hapa, nimefanya naye kazi miaka kumi na saba. Nilipoombwa kuandika wasifu huu niusome mbele yenu kwenye hafla hii ya kumuaga, nilikubali haraka, kisha nikajuta haraka vilevile. Sababu nitaieleza.

Aliajiriwa kufua taulo na kupiga deki. Mwaka wa pili mwosha wanyama aliugua, Shangazi akaombwa amshikie nafasi kwa wiki moja. Wiki hiyo ndiyo inayoisha Ijumaa.

Ameosha kila mnyama anayeenea kwenye beseni, na wengine wasioenea. Lakini sifa zake zilitokana na jambo dogo: yale madoa ya rangi ya kutu yanayoshuka kwenye pembe za macho ya mbwa na paka wenye manyoya meupe. Wenye wanyama huyaonea aibu kana kwamba wamekutwa na nyumba chafu. Huja wakiwa wameshajaribu limau na siki. Mzee mmoja alikuja na chupa ya dawa ya kung'arishia mashuka. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, akaitumia kwenye taulo zetu. Mbwa hakuguswa nayo hata tone.

Baada ya hapo alimkalisha mzee yule na kumweleza taratibu, kama alivyowaeleza mamia wengine, kwamba machozi yenyewe yana kitu kinachogeuka kahawia yakikaa kwenye manyoya. Kinachotakiwa ni pamba safi, maji ya uvuguvugu, na kufuta kutoka kona ya ndani kwenda nje, kila jicho na kipande chake. Kisha kukausha, maana unyevu ndio unaolea doa. Manyoya yanayochoma jicho yapunguzwe kwa mkasi wenye ncha butu, mbwa akiwa ametulia. Asipotulia, basi iwe kesho. Wenye haraka aliwaambia, "Hili lililoingia hutalitoa leo, mpenzi. Tunazuia jingine, hili litaondoka manyoya yakikua." Wengine walinuna. Baada ya miezi miwili walirudi na picha za mbwa wao kwenye simu, wakizionyesha hadi kwa watu wa foleni.

Ila hakuwahi kuloweka pamba kabla hajauliza maswali yake matatu. Ni jicho moja au yote mawili? Limeanza lini? Je, analifumba au kulisugua? Mimi niliyaona maswali hayo kama porojo za kupotezea muda, na hapo ndipo ninapofika kwenye lile la kujutia.

Miaka kumi na sita iliyopita, mwalimu mkuu mmoja mstaafu alituletea kijibwa chake cheupe, chenye doa chini ya jicho la kushoto. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mimi nilikuwa na shahada mpya na kichwa kikubwa. Nilimtazama mbwa kwa juu juu, nikaandika kwenye kadi: madoa ya machozi, usafi tu. Nikamtuma kwa Shangazi.

Shangazi akamuuliza Mwalimu maswali yake. Jicho lilikuwa moja tu. Doa lilianza siku nne nyuma, na mbwa alikuwa akisugua uso kwenye zulia. Akaja mlangoni kwangu kuniarifu. Nilimjibu bila kuinua macho kwamba doa ni doa. Hakubishana. Lakini hakumwosha mbwa pia. Alisubiri hadi mgonjwa niliyekuwa naye atoke, akaingia na yule mbwa, akamweka mezani na kunitia tochi mkononi. Alisema huenda amekosea, yeye si msomi, ila jicho hili linakimbia mwanga.

Nilitazama kwa hasira, ili nimthibitishie kuwa amekosea. Chini ya ukope wa ndani palikuwa na mbegu ya nyasi yenye ncha, na ilikuwa imeshaanza kukwaruza kioo cha jicho. Kama ningemrudisha mbwa nyumbani na pamba yake, jicho lile lingepotea. Niliitoa kwa kibanio.

Mwalimu alipoitwa ndani alinishika mikono yote miwili na kulia. Nilifungua kinywa kumweleza, nikakifunga. Shangazi alikuwa nyuma yetu akikausha beseni. Wiki iliyofuata ikaja barua yenye mwandiko mzuri wa kishule, ikimshukuru daktari ambaye macho yake hayapitwi na kitu. Mwenye kliniki akaitia kwenye fremu na kuitundika mapokezi. Wateja wameisoma kwa miaka kumi na sita, na wengine walituchagua kwa ajili yake. Kila Jumatatu Shangazi aliipangusa vumbi. Hakuwahi kunitupia hata neno la mzaha juu yake, yeye ambaye alinitania kwa viatu vyangu, kwa mwandiko wangu na kwa jinsi ninavyomwogopa kasuku.

Nilichofanya kimyakimya ni kuyachapa maswali yake matatu kwenye kila kadi ya kliniki. Ni jambo jema, na limeokoa macho mengine. Halitoshi.

Asubuhi ya leo nimeishusha barua ile. Iko ndani ya bahasha iliyobandikwa jina la Shangazi, na atakabidhiwa pamoja na zawadi zenu.

Shangazi, asante kwa taulo, kwa maswali, na kwa kunivumilia nilipokuwa sivumiliki. Nenda ukaamke saa unayotaka na unywe chai yako ikiwa bado ya moto. Wajukuu wakufurahishe, miguu iliyosimama miaka yote hii ipate kiti, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi.

Na wewe Mwalimu, najua umekuja kwa sababu Shangazi aliomba mkae pamoja leo. Nisamehe. Aliyeliokoa jicho la mbwa wako ameketi hapo kushoto kwako.