Mwalimu Efrazia Shemboza Anastaafu, Historia Inabaki

Nafasi ya mwalimu wa Historia katika Shule ya Sekondari Kwengeti haitafutwa. Mkuu wa Shule, Ndugu Silvano Mntangi, aliwatangazia walimu habari hiyo Jumatatu, 17 Juni 1985, akiwa na barua ya Wizara mkononi, na kwa mara ya kwanza mwaka huu kikao cha walimu kilimalizika kabla chai haijapoa. Mwalimu Efrazia Shemboza, ambaye barua hiyo ilimgusa kuliko mtu mwingine yeyote, aliomba aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akautazama muhuri, kisha akarudi darasani.

Anastaafu tarehe 30 Juni, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, baada ya miaka thelathini na mitano na nusu ya kazi. Kumi na miwili ya mwisho ameitumia hapa Kwengeti, akifundisha Historia na Kiswahili Kidato cha Tano na cha Sita. Hofu yake haikuwa siri kwa yeyote: kwamba siku atakapoondoka, mchepuo huo utaondoka naye.

Alianza kazi Januari 1950 katika shule ya misheni upande wa Shume, watoto sitini chumba kimoja, wengi wao wakijua Kishambaa tu. Uhuru ulimkuta Mombo. Huko alifundisha watoto mchana, na jioni akawafundisha kusoma watu wazima waliotaka, wakiwemo wafanyakazi wa mabasi. Wapo madereva wa njia ya Moshi ambao hadi leo husimamisha gari wakimwona kando ya barabara, hata kama hasafiri.

Mwaka 1970, akiwa na miaka arobaini na watoto wanne, alikubaliwa Chuo Kikuu Dar es Salaam kwa mpango wa watu wazima wenye uzoefu wa kazi. Alichagua Historia kuwa somo kuu na Kiswahili somo la pili. Ofisa mmoja alimshauri achukue Kilimo, kwa kuwa wilaya hii inalima. Alijibu kwamba wanaolima nao wana historia. Mumewe, Ndugu Rubeni, fundi seremala, alibaki na watoto na kujifunza kupika. Sokoni wenzake walimtania kwamba mkewe amekwenda kusomea hadithi za babu. Rubeni alisema amekwenda kusomea na za bibi, na akaendelea kuchagua nyanya.

Chuoni wanafunzi wenzake walimwita Mama na kumpisha kiti. Mhadhiri wake wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na minane, alimwamkia shikamoo mlangoni kila asubuhi, kisha akampa alama ya chini kuliko wote katika insha ya kwanza. Mwalimu Efrazia husimulia jambo hilo kwa furaha. Anasema ndiyo siku aliyojua kwamba chuo ni cha kweli. Sweta aliyotoka nayo huku kwenye baridi ilikaa sandukuni miaka mitatu, kwa joto la Dar es Salaam.

Katika likizo ya mwaka wa mwisho alipanda na kushuka vilima akiwauliza akina mama wazee, kwa Kishambaa, habari za matuta ambayo serikali ya Mwingereza iliwalazimisha watu kuyachimba mashambani. Alijaza madaftari saba. Aliwaahidi wote kwamba hatawataja majina wala kuwataja watu wao. Madaftari hayo ndiyo yaliyouokoa mchepuo wake miaka minne baadaye.

Mnamo Septemba 1976, kamati ya shule ilikutana ikiwa na hoja mbili. Ya kwanza, wazazi walikuwa wameitwa mara tatu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba matuta katika shamba la mfano la shule, na mara zote tatu walitokea watu wasiozidi kumi. Kamati ilikuwa imeandaa barua ya kwenda wilayani kueleza kwamba wazazi ni wavivu na hawajaelewa Ujamaa. Ya pili, mchepuo wa Historia na Kiswahili ufungwe na vyumba vyake vipewe Kilimo. Mjumbe mmoja alimgeukia Mwalimu Efrazia na kumuuliza, "Mwalimu, Historia inapaliliwa kwa jembe gani?"

Watu walicheka. Naye alicheka, kisha akaomba dakika kumi. Alifungua daftari la nne na kusoma maneno ya bibi mmoja, bila jina. Bibi huyo alieleza kwamba matuta yalizika udongo mweusi na kuleta juu ule mwekundu, mahindi yakawa ya njano, na kwamba watu walichimba siku bwana shamba alipokuja tu. Halafu Mwalimu akasoma kipande hiki:

"Mwanangu alipomwona bwana shamba anapanda kilima, alikimbilia darini juu ya jiko, akalala katikati ya mahindi. Moshi ukamkaba, akakohoa. Bwana shamba akauliza, nani huyo? Nikamwambia, mbuzi. Akasema, mbuzi wako anaumwa kifua. Nikamwambia ndiyo bwana, tangu matuta haya yaje hana majani."

Safari hii hakuna aliyecheka, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama mwenyekiti. Mzee Mbaraka Kaniki, mkulima wa kabichi na mtu wa taratibu, alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika. Ilichukua muda kujulikana kwamba anacheka.

"Huyo mbuzi ni mimi," alisema. "Na aliyesema hayo ni mama yangu, Bibi Mwanaidi. Mwalimu, mbona miaka yote hii hukuniambia?"

"Niliahidi kutotaja jina, Mzee. Mwenye jina alikuwa huru kujitaja."

Ndipo wajumbe wengine nao wakaanza kujitaja. Mmoja alikuwa akichimba tuta moja lilelile kila bwana shamba alipopita. Mwingine alimpelekea bwana shamba ndizi mbivu ili asifike bondeni. Ilibainika kuwa, kati ya watu tisa waliokaa mezani siku hiyo kuamuru matuta, saba waliyakimbia ujanani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Mzee Mbaraka aliichukua ile barua ya wilayani, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Muhtasari wa kikao unamnukuu hivi: "Bila somo hili tungewaandika wazazi wetu kuwa wavivu." Hoja ya pili iliondolewa bila kupigiwa kura.

Wiki mbili baadaye shule iliwaita wazazi kupanda mistari ya majani ya guatemala, yanayoshika udongo, kukatiza mteremko, badala ya kuchimba matuta. Walikuja mia moja na arobaini. Bibi Mwanaidi alikuja pia, akakaa kwenye kigoda na kukosoa mistari iliyopinda. Shamba hilo bado lipo, na Kilimo na Historia hulitumia kwa zamu.

Tangu hapo Mwalimu Efrazia amewapeleka Chuo Kikuu wanafunzi ishirini na watatu waliochukua Historia au Kiswahili. Amekuwa mkali wa tarehe na mpole wa mengine yote. Mwanafunzi aliyemwandikia "hapo zamani" alirudishiwa karatasi na swali moja pembeni: lini? Paka wa maktaba alimwita Ushahidi, kwa sababu, alisema, hapatikani anapohitajika.

Februari mwaka huu ilikuja taarifa kwamba nafasi yake haitajazwa pasipo mwalimu mwenye shahada ya somo hilo, na kwamba hakuna aliyeomba kuja huku. Aliandika barua kumi na moja kutafuta mrithi. Kumi zilijibiwa kwa heshima. Ya kumi na moja ilimfikia Zainabu Hassani, binti wa mkulima wa mboga wa Shume, aliyesoma Kidato cha Tano hapa mwaka 1979. Wakati huo baba yake alitaka asome Kilimo, akaja shuleni kulalamika, na akaondoka baada ya saa mbili akiwa ameeleza historia yote ya ukoo wake. Zainabu alimaliza Chuo Kikuu Machi, somo kuu Historia, la pili Kiswahili. Aliomba apangiwe Kwengeti. Barua ya tarehe 17 ilikuwa jibu la ombi hilo.

Mwalimu Efrazia anasema atapanda mapeasi, atapika zamu yake baada ya miaka kumi na mitano ya deni kwa Rubeni, na ataanza daftari la nane. Walimu na wafanyakazi wote wa Kwengeti wanakushukuru, Mwalimu. Uwe na afya, miti yako izae, na wageni wako wakumbuke tarehe.

Makabidhiano ya ofisi ni Ijumaa, 28 Juni, saa nne asubuhi, katika maktaba. Kidato cha Tano kinafunguliwa Jumatatu, 1 Julai. Kipindi cha kwanza, saa mbili kamili, ni Historia: Mwalimu Zainabu Hassani.